Kaburi Lako Kule Iringa

Mwanangu Lusajo,

Kwa masikitiko makubwa, familia ya Mama Lusajo, fundi cherehani wa Iyunga, Mbeya, inatangaza kifo cha chupa ya chai nyekundu, kilichotokea leo mchana baada ya kuteleza mezani. Marehemu ameacha mfuniko mmoja na vikombe kadhaa ambavyo ni yatima. Mazishi yatafanyika jalalani. Habari ziwafikie shangazi yako wa Tukuyu aliyetuletea zawadi hiyo, pamoja na wote waliowahi kuungua nayo ulimi, popote walipo.

Nimeanza hivyo ili uone jinsi ilivyo rahisi. Nimeandika kifo na hakuna kilichobadilika, watoto wa jirani bado wanapigana nje kama kawaida. Lakini maneno hayohayo yakisomwa redioni na yule mtangazaji mwenye sauti nzito, kabla ya jioni kungekuwa na mtu hapo mlangoni amebeba kuni.

Umekwenda Mwanjelwa kunyoa na kuaga wenzako. Nimesogeza gauni la mteja nikaweka karatasi juu ya cherehani. Sitakuandikia habari za soksi wala dawa ya mswaki; baridi ya Iringa ni ndugu wa baridi yetu, na meno ni yako. Wala sitakukumbusha kusali. Mchungaji alikuombea Jumapili mpaka chakula kikapoa, vile viazi ulivyovilalamikia kwamba vina maji. Nakuandikia kuhusu kaburi. Jumamosi unakwenda kulifukua mbele ya simu za watu, na mimi nilikuwepo lilipofukiwa. Na wewe ulikuwepo, ila ulikuwa ndani ya gari unatafuna muwa.

Unakumbuka vipande tu, kwa hiyo acha nikupe yote.

Ulikuwa unaota meno ya mbele kwa mara ya pili. Yule mtu tuliyemwita Dairekta, maana yeye mwenyewe hakutaka jina lingine, alikuja kanisani akitafuta mtoto anayeweza kulia akiambiwa. Wewe ulikuwa unalia bila kuambiwa tangu ulipozaliwa, nikaona angalau kipaji kipate kazi. Filamu yenyewe ilikuwa kama filamu zote za wakati ule: mtoto Kito anaugua, anakufa, anazikwa, halafu watu wanamkuta analima shamba la tajiri huku anaimba. Msukule. Kumbe walichozika ni mgomba.

Kufa nilikufundisha mimi. Nilikulaza kwenye mkeka nikakupulizia usoni. Ukicheka, tunaanza upya. Nilikuwa mwalimu mkali. Ukajua kutulia mpaka nikawa nashtuka mwenyewe, nakuwekea kiganja puani. Leo nikikuangalia usoni sijui unapocheka kweli na unapocheka kwa ajili ya watu, na sina wa kumlaumu.

Siku ya mazishi tulipanda vilima nje ya Iringa, hadi shamba moja lililoko bondeni. Jeneza liliazimwa kwa fundi wa hapohapo kijijini. Vijana wakalibeba kwa vidole. Dairekta akafoka, "Simama! Hilo ni jeneza au ni trei ya mayai?" Kisha akanigeukia. "Mama, wewe si Mnyakyusa? Tutafutie mgomba tuweke uzito." Kana kwamba migomba hunijia nikiipigia mluzi. Nilikwenda, nikaomba kwa mwenye shamba, nikaukata kwa mikono yangu, na kamera ikanipiga kwa nyuma. Niliupima urefu wako kwa kanga, kama ninavyopima mteja. Hapo moyo uligoma kidogo. Nikauambia utulie, hii ni kazi.

Sasa sikiliza kosa lilipoingia. Watu wa vilima vile hawapiti msiba. Kamera ilikuwa ndogo, imefunikwa kitambaa cheusi, na Dairekta alikuwa amewavisha wenzake wote mavazi ya waombolezaji ili asitafute waigizaji wengine. Wanawake waliotoka mnadani wakaona watu wamezunguka shimo, na mama katikati amejifunika kanga. Wakatua mizigo. Mmoja akaja moja kwa moja akakaa chini ubavuni kwangu, akanikumbatia, akaanza kulia. Analia kweli, mwili mzima. Nikamnong'oneza, "Mama, samahani, hii ni…" Dairekta akanikata kutoka nyuma, kwa sauti ya chini, "Usiharibu! Mama Lusajo, usiharibu, kamera inatembea!"

Nikanyamaza. Ndiyo hivyo tu. Wanaume wawili watatu wakashika koleo wakasaidia kufukia. Mzee mmoja akaomba, sala fupi na nzuri kuliko ya mchungaji wetu. Walipomaliza walinishika mkono mmoja mmoja. "Pole, mama." "Jipe moyo, mama." Nikajibu asante. Ungejibu nini? Yule mwanamke alifungua mzigo wake, akaniwekea unga mapajani, akaenda zake anajifuta machozi. Kuna aliyeacha na kuni.

Ningeweza kumkimbilia. Alikuwa anatembea taratibu, kilima ni kikali. Lakini Dairekta alikuja ananipigia makofi, anasema hajawahi kuona mama anayeigiza vile, na mimi, niliyeishia darasa la saba na kusomea magazeti ya kufungia maandazi, sifa zilikuwa hazijanizoea. Nikasimama pale nimeshika unga wa watu, ninatabasamu. Tukapanda gari. Ule unga tuliula hapa Iyunga. Ugali ulikuwa mtamu, ukaomba kuongezewa.

Filamu ilipotoka kwenye sidii, vibanda vyote vya video mpaka Mbalizi viliionyesha. Watoto wakaanza kukukimbia. Mama Neema wa jirani alikuja hapa, akakufinya mkono, ukalia, akasema, "Hata wao hulia." Kisha watu wakaangalia nilichopata. Nilikuwa nimenunua cherehani hii. Baadaye bati. Wakarudi nyuma wakamhesabu na baba yako, aliyefariki wewe ukiwa bado mgongoni. Nikawa mama aliyemtoa mtoto kafara kwa cherehani ya miguu. Nilitamani kuwauliza: kama ningekuuza, nisingeomba na ovaloki ya kumalizia pindo?

Kilichokuokoa si sala wala maelezo yangu. Ni chunusi. Ulipofika darasa la saba uso ulijaa, na hakuna aliyewahi kusikia msukule mwenye chunusi. Watu wakatulia, na Mama Neema akaanza tena kuazima pasi.

Ukaota ndevu nne, sauti ikapasuka, na Dairekta akaacha kupokea simu zetu. Nilidhani umemaliza na Kito. Ukaingia kwaya, kisha nikasikia una wimbo umerekodi Mwanjelwa, kisha nikaona jina juu ya picha: Kito. Nikasema sawa, jina halina kosa. Ukafungua na ukurasa wako, wale waliokupenda utotoni wakakusanyika, wakajiita Wana wa Kito, ukawa unaongea nao laivu kila Ijumaa. Mimi nilikuwa nakusikiliza huku nashona. Ulikuwa unawasimulia jinsi ulivyokuwa unalishwa limau ili ulie, jinsi ulivyolala kwenye jukwaa la mbao. Mambo ya kweli. Nilikuwa nacheka peke yangu mpaka sindano inapotea.

Halafu ikaja ile komenti. "Huyu siye Kito. Kito alikufa, bibi yangu alimzika Iringa." Ulicheka. Ijumaa iliyofuata watu waliojaa kwenye laivu uliwaona mwenyewe. Ijumaa ya pili Deo akaja hapa nyumbani kama meneja wako, na mpango wa kulifukua kaburi laivu.

Sina ushahidi juu ya Deo, nina viatu vyake tu. Viatu vyeupe, katika mji huu wa tope na vumbi, vyeupe kila siku. Mtu wa namna hiyo ama habebi kitu, ama anabebwa. Aliniamkia "shikamoo" akiwa anaangalia simu, marahaba yangu ikamkuta ameshaanza kuongea na mtu mwingine. Akanywa chai yangu kutoka kwenye chupa ambayo sasa ni marehemu.

"Mama, hatumdanganyi mtu," aliniambia. "Hatukubali, hatukatai. Tunaacha watu wajiulize."

"Na wakipata jibu?"

"Watakuwa wameshasikiliza wimbo."

"Na jibu lenyewe likiwa baya?"

Akacheka. "Mama naye! Lusajo, mama yako angefaa polisi."

Na wewe ukasema, "Mama bwana, ni shoo tu. Si wewe uliyenifundisha?"

Nilichukua kikombe nikaenda kukiosha, na hakikuwa kichafu.

Tangu siku ile nimekuwa nasoma komenti zenu zote. Usiniulize nimejifunzia wapi. Mtu anayeweza kusoma mshono kwa nyuma anaweza kusoma simu. Na nimeona kitu ambacho wewe, mwenye hadithi, hujakiona. Mkisema mtoto alikufa akarudi, lazima awepo aliyemwua. Tajiri wa kwenye filamu alikuwa fundi magari wa Ilula aliyeazimwa koti, hayumo tena. Dairekta hayumo. Hadithi yenu ina nafasi moja tu iliyo wazi, na nani anafaa kama si mimi? Mmoja ameuliza, "Mama yake yuko wapi?" Mwingine akajibu, "Yupo Iyunga, ana cherehani." Mwingine akaweka picha ya geti letu, na kanga yangu imeanikwa. Wewe ukaiwekea moyo mwekundu.

Nataka niamini ulikuwa unabonyeza tu bila kuangalia. Unabonyeza mioyo mingi.

Juzi mteja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata. Alisema amebadili mawazo kuhusu mshono. Alisema akiwa amesimama barabarani, hakuvuka geti. Pasi yangu Mama Neema aliirudisha kabla sijamwomba, ikiwa bado ya moto. Mwanangu, mimi ni mwanamke mtu mzima, mjane, ninaishi peke yangu kuanzia kesho, na macho yangu ni mekundu. Ni ya uzi na taa. Lakini unajua kama mimi ninavyojua huku kwetu na kule Usangu macho mekundu ya mwanamke mzee huwa yanasomwaje, na wanaoyasoma huwa hawaulizi habari za taa.

Kwa hiyo nilikudanganya. Nilikwambia ninakwenda harusini Makambako. Hapakuwa na harusi. Nilipita Makambako ndani ya basi, nimejifunika mtandio kama mtu anayedaiwa, nikashuka Iringa, nikapanda vilima.

Nilikuwa nimeshamshuku Deo kwamba ile komenti aliitunga yeye. Nilimshuku Mama Neema. Nilimshuku hata mwimbaji mwenzako yule mwenye hereni. Nikauliza kijijini nani ana mjukuu mwenye simu kubwa na bibi anayeongea sana. Wakanionyesha nyumba. Mwanamke alikuwa barazani anapukuchua mahindi, na nilimjua kabla hajainua kichwa. Ni yule aliyelia ubavuni kwangu. Wanamwita Mama Zawadi.

"Kamwene, mama."

"Kamwene." Akainua kichwa. "Wewe ndiye mama wa yule mtoto."

"Ndiye."

"Pole tena."

"Mama, mtoto yule ni mzima. Anaimba."

Akaendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha. "Mzima?"

"Mzima. Ana na ndevu."

"Basi nirudishie unga wangu."

Mjukuu alicheka, na mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mwezi ule nilikuwa nimezika wangu. Kwangu watu walikuwa wengi, nilikuwa napika, nahudumia, sikupata nafasi. Nikamlilia kwako."

Hakuniuliza kwa nini nilinyamaza. Ningeshukuru angeuliza. Nilikuwa nimebeba unga kwenye begi, nilijua nisiende mikono mitupu, nikautoa. Akauchukua kidogo kwa vidole, akausugua, akasema, "Huu mmesaga vibaya." Akaupokea. Kisha akaniambia, bila kununa, kwamba wimbo wako ulipokuwa unachezwa kwenye simu aliukumbuka uso na kusema, "Huyu tulimzika," na mjukuu akaandika. Basi. Hakuna aliyetunga. Uvumi wenu wote umetokana na mama mmoja aliyeambiwa pole akajibu asante.

Mama Zawadi alinipeleka mwenyewe hadi shambani. Mwenye shamba, Baba Eliza, ndiye yuleyule niliyemwomba mgomba. Alinikumbuka mara moja. Mtu mchangamfu, anaongea kama ana haraka ya kumaliza maneno.

"Eh! Mama wa mgomba! Leo mmekuja wangapi? Wenzako walishafika."

"Wenzangu gani?"

"Vijana wa Mbeya. Mmoja ana viatu vyeupe, nikamwambia utavichafua, akasema vinaoshwa. Wamepima hapa, wamechomeka kijiti. Wakaniuliza kama bado nina migomba."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia ipo, ya watu wote. Wamechagua mmoja mnene, wameuwekea alama. Watakuja kuuchukua Ijumaa. Sasa mama, hivi mnaupikaje huo mnaoufuata mbali hivyo?"

Nilikaa kwenye tuta. Sasa nakuuliza wewe: Jumamosi mkichimba, mnachimba nini? Nikadhani Deo anatafuta kaburi. Kumbe analipanda. Mtu anayechimba mbele ya watu ameshachimba kabla yao. Watauona mgomba, Lusajo, watauona na kupiga kelele, na utakuwa mbichi, umekaa ardhini miaka yote hiyo na bado unatoa utomvu, na hakuna hata mmoja atakayeuliza. Watauliza nani aliukata. Na aliyeukata wa kwanza ni mimi. Kipande hicho kimo ndani ya filamu, mgongo wangu unaonekana na panga mkononi. Deo amekitafuta. Nimeona ameshakiweka kwenye ukurasa wako, kimeandikwa "bado siku chache".

Sijui kama unajua habari ya mgomba. Nimekuangalia wiki nzima ukikunja nguo, ukiimba bafuni, ukila. Mara naona hujui, mara naona unajua na umetulia kama nilivyokufundisha kwenye mkeka. Nimeshindwa. Ndiyo maana naandika badala ya kukuuliza: ukiwa unasoma, sipo mbele yako, hutakuwa na sababu ya kunitengenezea uso.

Nenda Iringa. Sijaandika hivi ili ubaki. Studio ile ya huko unakokwenda kurekodi ni nzuri, nimesikia kazi zao, na sauti yako ni nzuri, hilo nalisema kama mtu aliyeisikia ikipasuka na kuvumilia. Wale Wana wa Kito si watu wabaya. Wengi wao walikulilia walipokuwa watoto na wanataka tu kujua waliyemlilia ni nani. Mtu aliyekulilia usimfanye mjinga. Mimi nilifanya hivyo mara moja, kwa kunyamaza tu, na bado natembea na unga wa mtu.

Mama Zawadi atakuja Jumamosi. Nimemwalika mimi. Ameniuliza aje na nini, nikamwambia aje kama kawaida. Utamtambua, atakuwa na kuni kichwani. Kabla hujashika jembe, nenda umsalimie. Msogelee karibu akuguse. Kamera iwe inatembea au haitembei, shauri lenu. Baada ya hapo fanya utakavyoona, wewe ni mtu mzima, na mimi nitakuwa hapa ninashona, simu nimeiegemeza kwenye kibweta cha nyuzi, ninaangalia kama wengine.

Nimesikia geti. Ni wewe, unapiga mluzi ule wimbo. Naiweka barua kwenye begi, chini ya shati la bluu, ambalo nimekupigia pasi.

Ni mimi, mama yako.

Nilisahau. Kaburi halina kitu. Jeneza lilikuwa la kuazima. Tulipoondoka tu, fundi mwenyewe ameniambia, alilifukua jioni ileile, mgomba wakaula ng'ombe, na jeneza akamuuzia mtu mwingine bila kumwambia limeshatumika. Baba Eliza hulima viazi pale. Alinifungashia ndoo, ndivyo ulivyokula Jumapili. Ni kweli vina maji. Shamba liko bondeni.